Kesho Yake Maulidi

Mjomba wangu,

Nakuandikia nimesimama, karatasi juu ya friji, maana nikikaa tu miguu inanipeleka mlangoni. Leo ni kesho yake Maulidi. Siku yako. Ni ya kwanza tangu tukuzike, na mpaka alfajiri sikuwa na hakika kama itakuwapo.

Nianze na baya, hukupenda kuzungushwa. Vijana wako wameihamisha siku. Saidi, nahodha, yule uliyemfundisha kupiga mpira angali na kamasi, aliitisha kikao barazani kwako. Akasema kumbukumbu gani hii inayohamahama, mwaka huu kiangazi, miaka mingine masika, wageni hawajui waje lini. Wameiuliza simu, ikageuza tarehe ya Kiislamu kuwa ya kizungu, ikawaambia bao letu dhidi ya timu ya Mwera lilifungwa Desemba. Basi mechi iwe Desemba, shule zimefungwa, na kuna mfanyabiashara ameahidi jezi.

Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini bao lile nalijua kuliko njia ya sokoni. Mpira wa kona, tope, Mwera wote wamesimama wakingoja kibendera kiinuke, na mshika kibendera ni wewe, umekibana kwapani. Mpaka leo Mwera wanasema mfungaji alikuwa ameotea. Ndiyo maana kila mwaka, kesho yake Maulidi, hupanda lori wakaja Chumbageni kulifuta. Kwanza dua kwa wachezaji waliotangulia, kisha mechi, kisha tunakula pamoja pilau lililobaki na kuanza kugombana upya.

Nikawaambia simu yao imekosea. Imetaja Jumamosi, na mechi ile ilikuwa Jumapili, muulizeni mtu mzima yeyote. Jumamosi yalikuwa Maulidi yenyewe. Mwera wako kwenye dufu na kipa wetu anapakua pilau, nani angekuwa uwanjani? Simu haijui kuwa mwaka ule mwezi ulichelewa kuonekana kwetu, mkaungoja mpaka shingo zikawauma. Wakacheka. Saidi akasema, kwa adabu kabisa, kwamba marehemu wanamheshimu lakini mambo yaende na wakati. Nilitamani kumrushia kikombe.

Nikawaachia, Mjomba. Sipendi kusema hivyo, lakini nilichoka. Tangu ufe, kila kitu chako kinaombwa: benchi, redio, hata filimbi yako ya kufundishia mpira. Nikasema na siku nayo waichukue. Lakini usingizi haukuja. Kila nikilala nakusikia ukiita dirishani, "Mishi, amka, leo siku kama hii ulimwengu ulisimama Tanga," nami nikikujibu kuwa ulimwengu haukuwa na habari.

Jana usiku akapiga simu Mzee Bakari wa Mwera. Unamjua, ndiye aliyekuwa golini siku ile na ndiye adui yako mkubwa. Nikampa shikamoo, nikamweleza habari ya Desemba, nikitarajia atafurahi kupumzika.

"Mpwa wetu," akasema, "sisi Desemba hatuijui. Tunakuja kesho yake Maulidi, na tunakuja watu wa timu mbili. Moja itavaa jezi zenu. Siku ya marehemu haiwezi kupita hivihivi."

Nililia, tena kwa sauti, jirani akaja kuuliza kuna nini. Mtu aliyekutukana miaka yote kwa ajili ya kibendera, ndiye anayekuja kukushikia siku yako! Nililia mpaka nikakumbuka jambo moja, machozi yakakauka palepale. Mwera wavae jezi za Chumbageni? Wafungane wenyewe kwa wenyewe, walifute lile bao wakiwa ndani ya nguo zetu? Ungefufuka.

Leo baada ya swala ya alfajiri sikurudi ndani. Nilianza kugonga milango, na wa kwanza ulikuwa wa Saidi. Akatoka na kikoi, macho hayajafunguka.

"Mwera wako njiani na timu mbili," nikamwambia. "Moja ndiyo itakayokuwa Chumbageni."

Alinitazama kama anayengoja nimalize utani. Nikamwambia kama anataka Desemba yake, aende akacheze Desemba, tena avae jezi za tajiri, sitamzuia. Ila leo atakuja kukaa pembeni, awatazame watu wa Mwera wakiitwa Chumbageni. Akauliza wamefika wapi. Nikasema sijui, lori ni lori. Akarudi ndani bila kuaga, nikamsikia anapekua uvunguni, anamuuliza mama yake daluga ziko wapi.

Sasa mtaa mzima unafoka. Milango inagongwa na si mimi ninayegonga. Pilau nimelipasha mara mbili, nimefika uwanjani na kurudi, sijui kwa nini nimerudi. Labda kukuambia haya. Benchi lako lina watu na nafasi yako hawajaikalia, nami imenichoma, nimeona bora wangeikalia.

Nakuaga, Mjomba. Mwenyezi Mungu akurehemu na akupanulie kaburi lako. Nakuahidi kila mwaka, nikiwa hai, siku hii nitaitangaza kwa mwezi wetu tulioungoja wenyewe, na atakayenuna anune.

Ngoja, Saidi yuko mlangoni. Anasema lori limefika, Mzee Bakari ameteremka na anaulizia kaburi lako akasome dua. Na sisi tumepungukiwa mchezaji mmoja. Anaomba ruhusa tumwazime kijana wa Mwera, maana wao wamezidi. Ananitazama mimi, Mjomba. Yaani mimi ndiye wa kuombwa ruhusa sasa.

Nimekubali. Ila golini asikae.

Mpwa wako,
Mishi