Blanchard Alishuka wa Kwanza

Yaya Mushiya, dada yangu mukubwa mupendwa wa Kasaji,

Ninakutangazia rasmi, batu bote basimame: suruali yangu ya misa imefariki dunia. Muganga aliikata na makasi, bila hata kuiomba pole. Ndani balikuta muguu umevunjika, lakini huo utapona.

Nimesikia kule banasema mutoto wako Blanchard alinikimbia. Hakuli; anakaa tu pembeni ya kitanda changu. Namwambia, "Kula, tata, mutoto wangu, mi niko muzima." Ananijibu, "Mujomba, ni mi nilikuangusha."

Mbele ya kumupigia simu kumugombeza, soma kweli yote. Ile baluni kubwa ya hewa ya moto ya sikukuu, yenye ilitubeba mi na Blanchard mu kitunga, kile kikapu chake, iligusa chini mu majani. Mwenye kuiongoza alikuwa ametukataza: mutu asishuke mbele ya kuambiwa. Lakini Blanchard aliruka wa kwanza ili anipokee, vile ulimufundisha kufanyia wakubwa. Uzito wake ulipotoka, baluni ikatupandisha tena, mi na mwenye kuiongoza, kisha ikatuangusha. Kutoka kule juu nilimuona chini, analia, na bado amenyoosha mukono anishushe.

Mudogo wako wa Kolwezi,
Tshilombo