Kijiti cha Ndani ya Besi

Baba watoto,

Chakula kimo jikoni, kipashe mwenyewe. Gesi uifunge.

Asubuhi umemsingizia binti yetu hadi akalia, eti ameiharibu besi yako ya kusimama, ile fidla kubwa ya bei ya kutupa. Hakuigusa! Ni wewe uliyelegeza nyuzi zote nne kwa mpigo, kama ulivyozoea kwenye gitaa lako la umeme. Kijiti cha ndani kinachoubeba ubao wa mbele hushikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, basi kikaanguka. Ukaitikisa besi kikatoka, ukakitupa ukidhani ni takataka. Nilikuona, nikangoja useme mwenyewe. Ukajitia hamnazo.

~~Nimekuchongea kingine, kiko hapa mezani.~~

Nimekuchongea kingine. Anacho binti yako, shuleni. Akirudi, mwombe radhi kwanza, kijiti baadaye.

Mama watoto, seremala wa nyumba hii