Mama, Mkwe Wake na Wanajeshi wa Darajani

Jumanne, Kitale. Mvua imenyesha tangu adhuhuri na nguo hazijakauka, lakini leo niko na furaha ya ajabu. Wacha niandike kabla haijapoa.

Mama yuko hapa. Kwangu. Ndani ya nyumba!

Kesho anapasuliwa jicho, mtoto wa jicho. Mara mbili amekataa kutoka kijijini kwake Matulo, na si kuogopa kisu peke yake, ati ni kwa sababu ya Wafula, mume wangu. Kwetu Wabukusu mama hakai chumba kimoja na mkwe wake, hawashikani mkono, hawatazamani usoni. Kulala nyumbani kwa mkwe ndio usiseme. Na daktari ameonya kwamba tukichelewa tena, hilo jicho basi.

Nikafunga kamba katikati ya sebule, nikaning'iniza shuka. Mama upande wa dirisha, Wafula upande wa mlango. Mama akakaa kwenye ncha ya kiti, mkoba magotini, koti hajavua. Nikajua huyu anarudi Matulo na gari ya jioni.

Upande wake kulikuwa na ile picha. Wafula aliinunua kwenye mnada, walipouza vitu vya nyumba ya mzungu mmoja wa zamani. Ni ya rangi ya mafuta, ya karne ya kumi na tisa: wanajeshi wanavuka daraja jembamba milimani. Mimi nimeichukia miaka yote. Giza tupu, bana, na imekula ukuta mzima.

"Muulize mwenye nyumba," Mama akaniambia, "hawa watu wanaenda wapi?"

Mwenye nyumba yuko pale pale nyuma ya shuka, anasikia kila kitu. Nikauliza tu.

"Mwambie Mama wanaenda ng'ambo. Vita gani, hata mimi sijui."

Nikapeleka jibu, nikapewa swali lingine. Nikawa tarishi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, chai inapoa.

Halafu Mama akasimama, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa picha.

"Na huyu wa mwisho, mbona hajakanyaga daraja? Anaogopa?"

Safari hii hakusema muulize.

"Anaogopa, Mama," Wafula akajibu polepole. "Lakini wenzake wanamngojea."

Nilikimbilia jikoni kulia. Sikuwa na kazi nyingine huko.

Niliporudi walikuwa wanabishana juu ya ukungu. Mama anaona ukungu juu ya daraja, ila hajui kama ni wa picha ama ni wa macho yake. Wafula akataka kumwambia.

"Nyamaza! Nitajionea mwenyewe nikitoka hospitali."

Akavua koti.

Sasa Wafula amebeba blanketi, ameenda kulala kwa jirani bila kuambiwa. Mama anakoroma. Jibu la ukungu ninalo, na nimeapa kufunga huu mdomo wangu mpaka bandeji itoke.