Pumzi ya Shangazi Zhor

Konstantina, 3 Novemba 2020

Kwako Shangazi Zhor,

Assalaam alaykum. U mzima? Magoti yanasemaje na baridi ya Montreal? Sisi huku tu wazima, ila Baba alibanwa na kifua wiki nzima tukadhani ndiyo ile, kumbe mafua tu. Anakusalimu. Anasema kaka mkubwa hasalimii kwanza, lakini kwa kuwa anayeandika ni mimi, basi.

Sasa sikia kituko. Okestra yetu ya mkoa imetangaza msimu mzima wa maonyesho mtandaoni, maana watazamaji hawaruhusiwi ukumbini. Nilifurahi mpaka nikaruka. Tangu Machi sijapiga zumari mbele ya mtu isipokuwa Bi Fatiha wa ghorofa ya chini, naye hunishangilia kwa kugonga bomba kwa mwiko. Lakini furaha yenyewe haikufika jioni. Bwana Mehenni, mkurugenzi wetu yule yule, alituita, akasema wa fidla watapiga na barakoa zao, ila sisi wa kupuliza, pumzi zetu ni hatari. Hakuna kupuliza ndani ya ukumbi.

"Kwa hiyo sisi tubaki nyumbani?" nikamuuliza.

"La, binti yangu. Mtakaa vitini, mshike ala zenu vizuri, mchezeshe vidole. Sauti ninayo."

Unajua sauti gani? Kanda za zamani, za wakati wako katika okestra hii. Zumari inayosikika ni yako wewe, Shangazi. Mimi niishike mdomoni kama mtoto anayenyonya kidole, na wewe ndiwe utakayelia ndani yake. Jina lako halitatajwa, kwani tangu ulipomwambia mbele ya watu kwamba hajui tofauti ya zumari na bomba la sinki, Zhor ni neno lisilotamkwa ofisini mle.

Nikamwambia tupige nje, pale kwenye ua wa ukumbi, hewa ya Mungu ipo tele. Akasema upepo utaharibu kila kitu. Shangazi, nataka kukataa. Lakini mkataba wangu unakwisha Juni, na unajua nilivyokihangaikia kiti hiki. Niambie la kufanya kabla sijatamka neno la kunitoa kazini.

Bintiyo,
Wassila


Montreal, 11 Novemba 2020

Kwako Wassila, binti wa kaka yangu,

Wa alaykum salaam. Mwambie baba yako salamu zake zimefika, na kwamba ukubwa dawa. Magoti yangu siku hizi ni watabiri wa hali ya hewa. Jana yalisema theluji, na theluji ikaja.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimtukana Mehenni peke yangu jikoni. Mara ya pili nilikaa kitako, na utashangaa, nilifurahi.

Huku ninafundisha watoto filimbi za plastiki. Wananipenda, nami nawapenda, lakini hakuna hata mmoja anayejua kwamba niliwahi kuunyamazisha mji mzima kwa pumzi moja. Nyumbani nako wamenisahau. Sasa unaniambia nitasikika tena Konstantina, halafu unataka kukataa?

Usikatae, mwanangu. Kaa, chezesha vidole. Watu wasijue ni mimi, haidhuru, nitajua mwenyewe. Ila kuwa makini katika ule wimbo wa taratibu wa sehemu ya pili. Kabla ya sauti kupanda juu kila mtu huvuta pumzi mapema. Mimi huchelewa. Ukiivuta mapema, mwenye masikio atakuona.

Shangazi yako,
Zhor


Konstantina, 20 Desemba 2020

Kwako Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta na afya, na joto la kutosha ndani. Sisi hatujambo. Mama kanenepa, anasema ni karantini. Sisi tunasema ni mikate yake mwenyewe.

Nimefanya ulivyosema. Nimechelewa kupumua ulipochelewa. Lakini ngoja nikusimulie mwanzo wake, maana nilicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Tuliingia ukumbini, ukumbi mtupu, kamera tatu, fundi na kanda yake. Tukakaa. Mara nikaona okestra nzima imenigeukia mimi. Wanangoja! Nikashusha barakoa nikawapa sauti ya kwanza kama kawaida, wote wakajipima kwayo, wa fidla wakakaza nyuzi, mzee Hocine akainamia ngoma zake anasikiliza ngozi. Tulijipima vizuri kabisa, Shangazi, kwa ajili ya kutopiga. Mehenni ndiye aliyepiga kelele: "Mnafanya nini nyie? Sauti ninayo!" Hata wa fidla, waliokuwa na ruhusa ya kupiga, aliwaamuru wagusishe tu pinde kwenye nyuzi, bila sauti.

Baada ya onyesho kurushwa mtandaoni, Bi Fatiha alipanda ngazi na sahani ya makrut, vile vikeki vyake vya tende. "Leo ndiyo umepiga," akaniambia. "Sikuwahi kujua una moyo mle ndani. Siku zote nilidhani unafukuza paka."

Nikamshukuru. Nikafunga mlango, nikaketi sakafuni na ile sahani. Nimeona wivu, nakwambia ukweli, wivu kwako wewe niliyekupenda tangu nikiwa na meno ya utoto. Halafu nikaona hasira, kwa sababu sote wawili tumeibiwa. Mimi nimenyang'anywa pumzi, wewe jina. Kesho yake nilikwenda kumwomba Mehenni aandike jina lako chini ya picha. Akanijibu, "Jina moja huleta maneno mia."

Sifanyi tena.

Bintiyo,
Wassila


Montreal, 2 Januari 2021

Wassila,

Salamu. Mimi ni mzima.

Nililitazama onyesho hilo mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Nilizima picha nikabaki na sauti. Nikajisikia mimi, Zhor Bencharif, kabla magoti hayajaanza kutabiri. Sasa unaniandikia kwamba wivu umekushika na hutaki tena.

Wewe una maisha mbele yako ya kupiga. Mimi nina kanda tu. Usinitie katika vita vyako na Mehenni. Nilipigana naye vya kwangu, na tazama nilipotupwa. Chezesha vidole, mkataba utiwe saini, halafu uwe shujaa kwa wakati wako.

Shangazi yako, ambaye bado ni mkubwa wako,
Zhor


Konstantina, 10 Machi 2021

Kwako Shangazi,

Assalaam alaykum. Hukujibu barua yangu ya Januari, wala ya Februari, wala simu ya Baba. Najua u mzima kwa sababu mwenye nyumba wako anamjibu.

Hii naituma kwa barua pepe isichelewe: Jumamosi tuna onyesho jingine, saa kumi alasiri kwetu, na safari hii picha zinakwenda mubashara. Mehenni anasema watu wanapenda mubashara. Sauti itakuwa ile ile ya kanda, na wimbo wako umo.

Tazama. Halafu ukinikasirikia, unikasirikie kwa haki.

Bintiyo,
Wassila


Montreal, 13 Machi 2021

Wassila wangu,

Uko wapi? Simu yako imezimwa. Andika neno moja tu nijue hujambo.

Nilitazama. Nilikuwa nimesimama, maana kukaa sikuweza. Wimbo wangu ulipofika ukaiweka zumari mapajani, ukafumba mdomo, ukaikodolea macho kamera. Na mimi nikaendelea kulia hewani peke yangu kama jini asiye na mtu wa kumpanda. Mwongozaji wa muziki akakupungia mkono, nawe hukutikisika. Mzee Hocine akaweka chini fimbo za ngoma. Kisha wale wa fidla, mmoja mmoja, pinde mapajani. Okestra nzima imekaa kimya na muziki unanguruma! Yule wa kamera akachanganyikiwa, akatuonyesha dari.

Chini ya picha watu wakaanza kuandika. "Nani anapiga?" "Ni uchawi huu?" Mmoja akaandika: hiyo ni pumzi ya Zhor Bencharif, naijua, nilikuwepo. Nikalia, mwanangu. Nilitaka kukulaani na nikashindwa, kwa sababu kila nilipofungua mdomo ilitoka dua.

Wamekufanya nini? Niambie.

Shangazi yako,
Zhor


Konstantina, 25 Machi 2021

Kwako Shangazi mpenzi,

Salamu nyingi kama maua ya machungwa yaliyojaa jikoni kwetu. Ndiyo, msimu umefika, Mama ametoa mtungi wa shaba anakeneka maji ya maua, na hairuhusiwi kusema jambo baya karibu na mtungi, kwa hiyo habari zangu nimezisimulia barazani.

Nimesimamishwa. Barua ina mihuri miwili, kana kwamba mmoja usingenitosha. Mehenni alinikaripia mbele ya wote: "Umeuaibisha mkoa!" Nikamjibu, "Mkoa umesikia nani anapiga na nani hapigi. Aibu chagua mwenyewe ni ya nani." Sijutii, Shangazi. Nalala vizuri kuliko Desemba. Baba anasema nimerithi ulimi wako, Mungu atusitiri, halafu anatoka nje kwenda kuwasimulia wenzake kahawani.

Wenzangu wa kupuliza wamegoma kushika ala bila mimi. Lakini onyesho la mwisho ni katikati ya Aprili, na watu mtandaoni wanakuulizia wewe. Sasa Mehenni ana mpango. Anataka wewe useme hadharani kwamba kanda ni yako na umeridhia itumike. Ukisema hivyo, mimi ndiye nitakayeonekana mwendawazimu, na kiti kimekwenda.

Atakupigia. Sitakuomba kitu. Najua ulivyoungoja mji huu ukuite. Lolote utakalomjibu, utabaki shangazi yangu.

Bintiyo,
Wassila


Montreal, 2 Aprili 2021

Kwako Wassila,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na leo magoti yamesahau kuniuma.

Alipiga jana. Sauti imelainika, utadhani amekunywa asali. "Bi Zhor," akasema, "onyesho la mwisho liwe la heshima yako. Jina lako kwa herufi kubwa. Mipaka ikifunguliwa, uje tukupokee kwa maua. Tunachoomba ni video fupi tu, useme umeridhia."

Nikamwomba arudie. Nilikuwa nimemsikia, nilitaka kulionja tena lile jina katika mdomo ule. Akarudia, tena kwa madaha.

"Na kitini pangu atakaa nani?" nikamuuliza.

"Kitakuwa wazi, kwa heshima yako."

"Hakiko wazi, Mehenni. Kina mwenyewe."

"Lakini Bi Zhor, yule binti…"

"Yule binti yuko hai, anapumua. Mpeleke uani na wenzake, wapulize. Na kanda yangu ukiipiga tena bila idhini, mimi nina muda na nina ulimi, na magazeti ya huko yana nafasi."

Akakata simu. Sitakuficha, nilijua ninachokikataa. Nikachemsha kahawa, nikaimwaga, nikachemsha nyingine.

Simu ikalia tena. Ni yeye. Hakunisalimu. Aliuliza uani kunaingia viti vingapi.

Nimemwambia akuulize wewe. Simu yako ikilia, usipokee mara ya kwanza.

Shangazi yako,
Zhor