Mama Mkwe na Masurufu ya Nyambizi

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Masika.

Mvua imepiga tangu alfajiri, ikapumzika mchana, sasa imerudi kwa madaha. Njia ya kuja kwetu Majani Mapana ni matope matupu, bodaboda wanagoma kuingia. Umeme upo, nashukuru. Moyo wangu mweupe leo.

Nyambizi imejaa. Kesho tunashuka.

Kwa asiyejua, nieleze. Kuna gemu ninalocheza kwenye kompyuta ileile ninayochorea ramani za nyumba za watu, kazi inayotupa ugali. Humo wewe ni mtu aliyeanguka kwenye bahari isiyo na nchi kavu. Unavua, unapanda mboga kwenye vibanda vya chini ya maji, unajenga nyambizi, na mwisho wa yote unashuka mpaka kwenye shimo la mwisho la bahari, kwenye mtambo wa kuwaita waokoaji. Safari hiyo ni saa tatu au nne za kucheza, na ukishaanza huwezi kurudi kuchukua ulichosahau, maana njia inajifunga nyuma yako. Na mimi kwa kiherehere changu nilichagua mchezo wa roho moja. Ukifa, faili lote linafutika, na miezi saba niliyojenga inakwenda na maji.

Aliyeipakia nyambizi hiyo si mimi. Ni mama mkwe wangu.

Jina lake silitaji hapa, na mdomoni mwangu halijawahi kutoka. Mimi ni Mkwere wa Lugoba. Kwetu ukimwona mkwe njiani unashika pembeni mpaka apite. Huli naye sinia moja, humtazami machoni, na akisema jambo jibu lako ni ndiyo. Baba yangu aliishi jirani na bibi mzaa mama miaka nenda miaka rudi, na sikumbuki hata siku moja kuwaona wakicheka pamoja. Mke wangu, Zuhura, ni mtoto wa Kaole. Kwao heshima ipo lakini watu wanataniana, kwa hiyo ananicheka kila nikiinama kumpisha mama yake kwenye korido yetu nyembamba.

Miezi minne iliyopita mama alianguka nyumbani kwake Kaole akavunjika mguu. Alikuwa anaishi peke yake tangu baba mkwe afariki. Tukamleta kwetu. Zuhura anafundisha Kiwangwa, anatoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mchana kutwa tunabaki wawili sebuleni, mimi na kompyuta, yeye na mguu wake juu ya stuli. Wiki mbili za mwanzo maneno yetu yalikuwa mawili. Shikamoo, Mama. Marahaba, mwanangu. Baada ya hapo unasikia feni tu. Nakiri kwamba kuna siku nilijifanya napokea simu za wateja, nikaenda kusimama uani bila sababu.

Halafu siku moja baada ya laasiri nilifungua gemu, sauti nimeizima kwa adabu. Nikasikia nyuma yangu, "Huyo anapumulia wapi?"

Nikamweleza habari za mtungi wa hewa. Akasogeza shingo aione skrini, akasema, "Mtoe basi, mtungi unaisha." Nilikuwa sijauangalia. Kweli ulikuwa unaisha.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yetu ya jioni. Akishasali anavuta kiti chake karibu, si karibu sana, anaanza. Mtu wako ana kiu. Mtu wako hajala. Yule si samaki, ni mdudu, usimle. Samaki wa gemu wana majina ya ajabu ajabu, yeye amewabatiza upya. Yupo changu, yupo kolekole, na yupo mmoja mwenye meno mengi aliyempa jina la jirani yake wa Kaole ambalo siwezi kuliandika. Nilikuwa nacheka huku nimeangalia skrini, maana kumcheka mkwe usoni bado nilikuwa siwezi.

Niseme ukweli ambao sijamwambia hata Zuhura. Safari ya chini ningeweza kuianza mwezi uliopita. Nilikuwa najidai viazi bado, maji bado, mara chuma hakitoshi. Niliogopa tukifika mwisho tutarudi kwenye shikamoo na marahaba.

Wiki iliyopita visingizio viliniishia. Mama akauliza masurufu ya safari yako wapi, nikajikuta nimekabidhi uongozi. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi kwenye meli za mizigo, na kila safari mama ndiye aliyempangia sanduku. Ana kanuni zake. Cha kwanza kuhitajika ndicho cha mwisho kuingia. Dawa zikae mlangoni. Maji yasikae sehemu moja, yakimwagika yasimwagike yote. Nilimweleza kwamba nyambizi ina nafasi sitini na kila kitu kinakula nafasi moja, akahesabu kwa tasbihi, nafasi kwa punje. Nilikuwa napakia huku nikimwangalia kwenye kioo cha kabati, na kusema kweli nyambizi yangu haijawahi kupangwa vizuri namna ile.

Ndipo akasema, "Samaki wa chumvi, weka arobaini."

Mtu ni mmoja na safari ni fupi. Samaki kumi wanatosha na kubaki. Yeye mwenyewe aliona nimesita, akanifafanulia, "Hufiki kwa watu mikono mitupu."

Kule chini hakuna watu. Kuna mtambo na giza. Lakini Mama anasema bahari haikosi wenyewe, na mwenyeji humjui mpaka umkute.

Nikasema, "Sawa, Mama."

Nafasi zilikuwa zimejaa. Ili samaki waingie nikatoa betri zote za akiba na vifaa vya kuzibia ufa. Nilijua ninachofanya. Miaka yangu yote ya gemu ilikuwa inanipigia kelele kichwani, na mkono wangu wa Lugoba ukaendelea kutoa betri moja baada ya nyingine. Mkwe haambiwi hapana.

Jumanne tukafanya safari ya majaribio, kushuka kidogo na kurudi. Kwenye mita mia tatu chaji ikaisha. Taa zikazimika, king'ora kikalia, nyambizi ikaanza kuzama taratibu na kugonga mawe. Ufa ukatokea, maji yakaanza kuingia, na cha kuzibia sina. Mama akaanza kusoma dua kwa sauti. Nikamtoa mtu wangu kwa mlango wa juu, nikaogelea gizani bila kujua kama naelekea juu au pembeni, na mtu wa Kaole nyuma yangu akipiga kelele, "Mpandishe! Mpandishe huyo mtoto wa watu!" Nilitokeza juu ya maji hewa ikiwa imebaki sekunde nne.

Tulikaa wote wawili tukihema, kana kwamba ni sisi tulioogelea.

Kisha akauliza, "Betri za akiba ziko wapi?"

"Nilizitoa, Mama."

"Kwa nini?"

"Samaki wapate nafasi."

"Ulijua kwamba ni hatari?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

Akachukua fimbo yake, akainuka, akaenda chumbani. Jioni Zuhura aliporudi alimkuta anakunja nguo. Akamwambia Jumamosi anarudi kwake Kaole.

Mguu wenyewe bado. Daktari alisema asikae peke yake, maji hawezi kuteka, ngazi za nyumba yake hata mzima zinamsumbua. Mimi na Zuhura tulishakubaliana zamani kwamba abaki kwetu moja kwa moja, ila hatukuwahi kumwambia. Tuliona si adabu kumpangia mtu mzima pa kuishi. Zuhura alilia. Akaniuliza nimemfanya nini mama yake, na mimi sikuwa na la kusema zaidi ya samaki wa chumvi. Jaribu wewe kumweleza mkeo kwamba mama anahama kwa sababu ya samaki wasiokuwepo.

Nililala nikiamini nimemfedhehesha. Nilidhani nimemfanya ajione mjinga.

Jana nilishuka na betri mpya na vifaa vya kuzibia ufa, nikaiokoa nyambizi. Nilikuwa peke yangu sebuleni, nimejaa unyonge, naanza kupakia upya. Nikasikia fimbo. Akakaa kwenye kiti chake.

"Haya, pakia. Samaki arobaini."

Nilijua ananipima, ila sikujua ananipima nini. Nikaona taa zikizimika tena, nikamwona Zuhura analia, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hapana, Mama. Kumi wanatosha. Betri zinarudi ndani."

Nikageuka nikamtazama. Usoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga, na nusu ya yale machozi hayakuwa ya kicheko.

"Miezi minne," akasema. "Nikisema chai haina sukari, mnaongeza, nyote mnakunywa shira. Nikisema feni izimwe, mnazima, mnakaa mnachuruzika jasho kama mmenyeshewa. Nikikosea mnanyamaza. Mgeni ndiye haambiwi hapana, mkwe. Nikajua mnanihesabia siku nipone niondoke."

Nilitaka kumwambia mengi. Nikasema, "Chai kweli ilikuwa mbaya, Mama."

Basi tukagombana. Tuligombana saa nzima juu ya samaki, kwa raha zote, yeye akishuka kutoka arobaini na mimi nikipanda kutoka kumi, akaniita bahili, nikamwambia anataka kuniua, akasema nikifa kwa ubahili wangu asije akalaumiwa mtu. Tukaishia kumi na wanane. Betri tano, vifaa vya kuzibia vinne. Zuhura alipoingia alisimama mlangoni na mkoba begani, akitusikiliza.

Lakini nguo zilibaki zimekunjwa. Zuhura alipomuuliza, Mama alisema ameshatoa neno lake na Jumamosi ni Jumamosi. Ana kiburi, Mungu ampe umri mrefu.

Leo baada ya adhuhuri aliniuliza, akitazama dirishani, "Mkwe, hicho kigari chako kitapita njia ya Kaole Jumamosi, na matope haya?"

Mwenyewe kaniwekea jibu mkononi. Ningesema matope mengi, Mama, tungoje jua. Ingekuwa adabu safi, na wiki ijayo ningetafuta sababu nyingine. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuisema. Kisha nikaona kwamba huo ndio udhuru anaopewa mgeni.

"Kinapita, Mama," nikasema. "Ila sikupeleki. Hapa ndipo kwako. Mimi na Zuhura tulishakubaliana siku nyingi, tukaona haya kukwambia."

Alipapasa goti la mguu wake mbovu. Mimi nilikuwa najisikia kama niliyevunja kitu cha watu dukani.

"Mbishi wewe," akasema mwishowe. "Wazee wako wa Lugoba wanajua kama wamezaa mbishi?"

"Hawajui, Mama."

"Basi usikae hapo umenikodolea macho. Mvua hiyo inakuja, kaanue nguo."

Nikaenda. Nilianua nguo zote kwenye kamba, zangu, za Zuhura na za Mama, kanga zake na magauni yake ya ndani ya nyumba, vitu ambavyo kwetu mkwe wa kiume hagusi hata kwa kuchokozwa. Nikaingia nazo kifua kizima, manyunyu kichwani, na yeye akaanza kunisahihisha namna ya kuzikunja. Sijawahi kufurahia kusemwa kama leo. Alhamdulillahi. Nimepata kazi, nimepata mke, nimepata mengi ambayo sikuyaombea, lakini hili la leo nalishukuru peke yake, kwa jina lake.

Zuhura bado yuko njiani. Nitamwachia Mama amweleze mwenyewe.

Kesho nikirudi kuswali Ijumaa tunashuka. Naogopa, sikatai. Huko chini kuna viumbe ambavyo sijawahi kuviona, na roho ni moja. Nimemwambia Mama wazi kabisa kwamba nikifa kila kitu kinafutika na tunaanza upya, kuanzia kuvua samaki wa kwanza.

Akauliza kuanza upya kunachukua muda gani mpaka kufika hapa tulipo.

Nikamwambia miezi saba.

Akajiegemeza vizuri kwenye kiti. "Basi si kitu," akasema. "Nipo."