R ya Padre, Stesheni ya Tabora

Kasuku wangu wa Bujumbura, marahaba! Babu yako sijambo, na bibi yako mzima, anapalilia tumbaku huku kijijini Goweko. Eti mwalimu wa Kifaransa anaicheka r yako ya Kiswahili? Ngoja nikwambie!

Enzi za Mwingereza, padre Mfaransa ndiye aliyenifundisha kusoma Kiswahili. Kinyamwezi chetu cha nyumbani kilikuwa na l tu, kwa hiyo r niliichukua kwake nzima nzima, ile ya kukwaruza kooni. Nilidhani ndiyo yenyewe! Nikaenda stesheni kuomba kazi ya kuita abiria. Nikapaza sauti kuwaita wa kituo cha Tura: "Tura! Tura!" Watu wakavunjika mbavu.

"We kijana, una mwiba wa samaki kooni?" mkuu wa stesheni akauliza. "Ita vizuri, la sivyo rudi kwenu."

Kumbe padre naye yumo kwenye abiria, anatabasamu kama kasikia mtu wa kwao. Nimwangushe? Nikose kazi? Mdomo ukajiamulia wenyewe: "Tulaaa! Watu wa Tula!" Akina mama wa Tura wakajitwika mizigo, wakapanda. Mkuu akanitazama, kisha akanikabidhi kengele.

Haya, kesho mwalimu akikusimamisha mbele ya wenzako, wewe utaitamka ipi?