Mistari Sita Nyuma ya Dumu

Tarehe 6 Februari

Baba mpendwa,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nilitaka kuanza nalo kabla halijanirudi kooni. Lakini nikianza bila salamu utasema shule ya lugha mbili imeniharibu. Kwa hiyo shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na wamekubadilishia ile zamu ya alfajiri. Sisi wazima. Mama mzima, Bonge ametoa jino la tatu na anatambaa kama mtu anayefukuzwa. Nakuandikia kwa sababu simu ya hapa mama huiweka sauti ya juu, na hata fundi cherehani wa chumba cha pili hukujibu salamu.

Sasa jambo lenyewe.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita alikuja yule mama anayeuza sabuni za maji nyumba kwa nyumba, tunamwita Mama Madumu. Alileta dumu la kijani lenye picha ya jani. Akasema ni dawa ya kusafishia isiyodhuru, imetengenezwa kwa mimea, haina klorini. Unakumbuka wewe mwenyewe ulimwambia mama atafute kitu kisichomkohoza, baada ya siku ile alipotoka bafuni machozi yanamtiririka. Basi alifurahi, akaita na majirani. Wanawake saba sebuleni kwetu. Maandishi yote yalikuwa kwa ile lugha nyingine ya shuleni. Mama akasema, "Ngojeni, msomi wangu atatusomea," akanisimamisha katikati ya zulia.

Baba, unanijua. Nikiitwa jina tu darasani masikio yanawaka moto. Upande wa mbele nilisoma vizuri: imetokana na mimea, rafiki wa mazingira. Wakapiga makofi. Nikageuza nyuma. Kulikuwa na mistari sita ya maandishi madogo kama mayai ya chawa, na katika mstari wa kwanza kulikuwa na neno la herufi ishirini na mbili. Nililianza nikakwama. Nikalianza tena. Fundi cherehani akauliza, "Mtoto anatafuna nini?" Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini mimi nikasema, "Huku nyuma ni hayo hayo tu, mimea," nikaenda kukaa.

Uongo, Baba. Macho yangu yalikuwa yameshapita kwenye mistari yote. Ilisema kuna kihifadhi kinachoweza kuwasha ngozi. Ilisema kifuniko kimoja kwa ndoo nzima ya maji, madirisha yafunguliwe, isichanganywe na klorini, na sehemu wanazogusa watoto wadogo zisuuzwe kwa maji safi.

Mama huimimina sakafuni hivyo hivyo kutoka kwenye dumu, kwa sababu nilisema ni mimea tu. Hasuuzi, anapenda harufu ibaki. Wiki hii magoti na viganja vya Bonge vimekuwa vyekundu, vina vipele, anajikuna mpaka analia. Mama alisema ni joto, halafu meno, halafu nepi. Kliniki wamempa dawa ya kupaka. Kila mtu hapa anatafuta sababu, na mimi nimeikalia.

Tena kuna zaidi. Ile chekechea nyuma ya tangi la maji imemkubalia mama kazi ya usafi, anaanza tarehe 23. Wamempenda kwa sababu aliwaambia hatumii sumu. Watoto arobaini, Baba, na wote hukaa chini.

Nifanye nini? Nikimwambia, hataniamini tena hata kumsomea risiti. Tafadhali usimpigie.

Binti yako


Tarehe 11 Februari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Kifua hakijambo, zamu ni ileile. Nimefurahi kwa jino la tatu, mpelekee Bonge salamu zangu, mwambie asitafune miguu ya meza. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama nyuma ya rundo la mashuka, maana hapa kufulia wakiona mtu mzima ana barua wanadhani ameoa tena.

Kwanza mtoto. Leo hii, usingoje ujasiri uje. Futa sakafu kwa maji matupu, mwaga, futa tena. Mwoshe mikono na magoti kwa maji. Na asitokee mtu akamwaga klorini juu ya hiyo dawa kwa kudhani anasafisha zaidi. Hapa kuna mtu alichanganya klorini na dawa ya limau, tukatoka nje wote tumeshika makoo, na msimamizi ndiye aliyefika mlangoni wa kwanza.

Pili, hilo jani. Mwaka jana walituletea sabuni yenye jani kama hilo. Mwenzangu wa mashine ya tatu akachubuka vidole. Msimamizi akamwambia, "Hii ni ya asili, bwana." Mwenzangu akamjibu, "Upupu nao ni wa asili, subiri nikuletee ujifutie uso." Tulicheka siku nzima, lakini kesho yake glavu zikaja. Sisemi dumu lenu ni baya. Klorini nayo naijua, imenikaa kifuani mwaka wa tisa huu. Ninachosema ni kwamba mama yako na mimi tulitaka sana kitu kizuri, na mtu anayetaka sana hageuzi dumu kuangalia nyuma.

Tatu, nikupe siri kwa siri. Maandishi ya madumu ya hapa sijawahi kuyasoma. Wote wanaamini najua ile lugha. Mimi nafuata rangi za vifuniko, chekundu kwanza, cha buluu mwisho. Wiki waliyobadilisha vifuniko nilijifanya mgonjwa siku mbili. Kwa hiyo usidhani wewe ndiye wa kwanza katika ukoo huu kusema "ni hayo hayo".

Sitampigia. Wewe ndiye uliyeacha kusoma katikati, utamalizia wewe, kabla ya tarehe 23. Mama yako atawaka, kisha atapoa. Akilisikia kwa mtu mwingine, hapo ndipo hatapoa.

Baba yako


Tarehe 24 Februari

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi nipo, mwili mzima, roho ndiyo iko huko kwenu. Tangu nilipokuandikia, kimya.

Juzi mama yako alinipigia. Hata habari za kazi hakuuliza. "Wewe," akasema, "unayeshinda kwenye klorini kama samaki majini, mbona vipele huna?" Nikamwambia vipele sina, kikohozi ninacho. Akauliza, "Kwa hiyo nichague, ngozi ya mtoto au kifua changu?" Nikamwambia tusichague kwa hasira, twende polepole, maji na sabuni ya kipande havijagombana na mtu. Akasema, "Polepole ni rahisi kwako, hufuti wewe." Akakata.

Sijui amelijua kwa kinywa chako au kwa kingine. Jana ndiyo ilikuwa tarehe 23. Alikwenda? Na magoti ya mtoto? Niandikie hata maneno matano. Hata kama ulishindwa, niandikie.

Baba yako, anayekwenda dirisha la barua kila mchana mpaka wamenizoea


Tarehe 2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe. Barua zako zote mbili ninazo. Bonge hajambo, magoti yamerudi rangi yake. Sikutaka kukuletea habari nusu nusu, ndiyo maana nilikaa kimya.

Siku ile ile niliyopata barua yako ya kwanza nilianza kusuuza sakafu, kila nikitoka shule. Mama akanikuta.

"Mbona unafuta kazi yangu?"

"Kuna vumbi, mama."

"Vumbi gani? Hapa hata bata angeogelea."

Siku ya tano wekundu ukaanza kupotea. Mama akaisifu dawa ya kupaka, akaenda mpaka kliniki kumshukuru muuguzi. Hapo, Baba, ndipo niliogopa kweli. Niliona naweza kunyamaza na mambo yakaisha. Bonge anapona, mimi nasuuza kwa siri, hakuna atakayejua. Ila wale arobaini wangesuuziwa na nani?

Jumamosi tarehe 21 mama alikuwa jikoni anajaza chupa za kwenda nazo kazini. Nikalivuta dumu. Nikasema, "Mama, kaa."

"Nani kafa?"

"Hakuna. Kaa tu."

Nikasoma mistari sita yote, kwanza kwa lugha yao, halafu kwa yetu. Lile neno refu nililipita kwa kuligawa vipande. Sikumwangalia. Nilipomaliza akasema, "Rudia ule wa kifuniko." Nikarudia. Akazitazama chupa alizojaza pomoni. Akauliza, "Siku ile uliyaona haya?" Nikasema ndiyo.

Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alisema, "Nilikuona unameza mate. Nilijua kuna kitu umekiruka. Nikajiambia ni haya zako, nikakuacha, kwa sababu nilikuwa nimeshalipenda dumu." Kisha akamchukua Bonge, akakaa naye mlangoni anamshikashika magoti.

Siku mbili hakusema nami ila kwa kumpitia Bonge. "Bonge, mwambie dada yako chakula kinapoa." Bonge mwenyewe ananitazama tu. Ndizo siku alizokupigia wewe.

Jumatatu asubuhi aliniambia, "Vaa, beba dumu." Tukaenda chekechea. Alimweleza mwalimu mkuu yote, palepale getini: kwamba dawa si mimea tu, kwamba yeye hakujua, kwamba mtoto wake alitoka vipele. Hakunitaja. Alisema "sikusoma". Wazazi waliokuwa wanashusha watoto wakasimama kusikiliza, na mara pakawa soko.

Mmoja akasema, "Turudini kwenye klorini, hiyo angalau ukiinusa unakimbia."

Mwingine akamrukia, "Wangu ana pumu. Ikiingia klorini, sisi tunatoka."

Baba mmoja, mfamasia, bado ameshika kiatu kimoja cha mwanawe, akauliza, "Kwani dumu lenyewe limeandikwaje? Nani amelisoma?"

Mama akanisogelea. Nilihisi mkono wake mgongoni, unanisukuma kidogo sana.

Nilisoma, Baba. Masikio yalikuwa yanaungua. Nilipofika kwenye lile neno nikasema, "Hili sijui kulitamka." Yule mfamasia akaliangalia, akasema, "Hata mimi hulisema haraka haraka wateja wasinisikie." Wakacheka, nami nikacheka nao. Akaeleza kwamba ndicho kihifadhi, kinazuia maji ya dumu yasioze, na hata vitu vya majani hutiwa. Kwamba dawa ikiwa nyepesi na ikasuuzwa wengi haiwadhuru, ila ngozi ya mtoto anayetambaa si ya kujaribia.

Walibishana mpaka kengele. Mwisho wakakubaliana: sakafu kifuniko kimoja kwa ndoo, isuuzwe, madirisha wazi kabla watoto hawajaingia. Meza na vya kuchezea, sabuni ya kipande na maji. Klorini ibaki chooni tu, iwe na ndoo yake na fagio lake, na isikutane na dumu. Mtoto yeyote akiwashwa, dumu linatoka.

Lakini kazi hakupewa. Mwalimu mkuu alisema, "Tutakujibu." Tulirudi na dumu letu. Karibu na nyumbani mama akasema, "Pengine umenikosesha kazi." Hatua kama kumi baadaye: "Umesoma vizuri." Sikujua nishike lipi.

Wiki nzima haikuja habari. Sikuweza kukuandikia hilo.

Kuhusu vifuniko vyako, nakili maandishi ya madumu ya hapo hata kwa kukosea, uniletee. Nitakutafsiria yote, na pale nisipojua nitaandika sijui.

Sasa sikiliza, na hili nimekatazwa kukuambia. Leo saa nne mwalimu mkuu amekuja mwenyewe. Amemwambia mama, "Nimetafuta wengine watatu. Wote wameniambia dawa zao hazina neno. Nataka anayeniambia neno lililopo." Anaanza Jumatano! Mama anataka akuambie mwenyewe kwa simu Jumapili, na tangu mchana anajifunza namna ya kuanza, anamwambia Bonge kana kwamba ndiye wewe. Kwa hiyo akipiga, ushangae. Ushangae taratibu, Baba, wewe ukiigiza unapaaza sauti.

Na jioni hii, kabla hajampaka Bonge, alinipa karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa ya kupaka. Akasema, "Soma yote. Ukikwama, sema umekwama, tutakwama wote." Tulikaa nayo nusu saa. Ameniuliza maswali kumi na

Kandambili zake hizo, zinakuja. Naisukuma barua chini ya godoro la Bonge, nitaimalizia—